Siku moja maishani mwangu: Jumanne kwenye chumba cha vifaa

Saa 11 alfajiri

Nawasha taa na kuanza kutoa nguo kwenye mashine za kukaushia. Ninatunza vifaa vya timu ya futiboli ya Kimarekani katika chuo kikuu kimoja cha Katikati-Magharibi ya Marekani, na Jumanne ndiyo siku nzito kwetu. Mechi ni Jumamosi, ila kugongana kwa kweli mazoezini ni leo na kesho. Kila mchezaji ana mkanda wenye namba yake. Soksi, kaptula na fulana zake hufungwa humo, hufuliwa humo, na hurudi kabatini humohumo.

Mikanda haikuambii nani analipiwa ada na nani anajilipia. Wanaojilipia ni wokoni, vijana waliojiunga na timu bila ufadhili wa masomo. Namba ndizo wakati mwingine zinawatambulisha. Futiboli ya vyuo inaruhusu wachezaji wawili kuvaa namba moja mradi wasiwe uwanjani kwa wakati mmoja, na mara nyingi anayegawana namba na nyota ni wokoni.

Saa 2 asubuhi

Mchambuzi wa timu ameniletea karatasi. Mbeba mpira hatari wa wapinzani wetu wa Jumamosi anavaa 5, na beki wao anayemwinda kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi, anavaa 44. Natafuta 5 na 44 kwenye rundo la jezi za rangi nyingine, kwa sababu mchana kuna watu watakaogeuka kuwa wapinzani hao. Tunaiita timu ya kuigiza. Wengi wake ni wokoni na vijana wa mwaka wa kwanza. Wiki hii wanajifunza pasi fupi za haraka, wiki ijayo watajifunza timu nyingine inayosukuma mpira ardhini, na kila wiki wanaanza upya. Ninataka namba ziwe sahihi kabisa. Jicho la beki wetu likizoea kuitafuta 5 tangu leo, Jumamosi halitahangaika.

Saa 4 asubuhi

Kijana wetu atakayeigiza namba 5 anaingia na helmeti yake, sifongo la ndani limelegea.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, baba. Bega linasemaje?"

"Liko poa. Wamelifunga barafu jana."

Wazazi wake walitoka Kongo, yeye akazaliwa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na mchezo huu aliukuta huku sekondari. Anasoma uhandisi, na Jumapili anapanga bidhaa kwenye duka la vyakula. Nabadilisha sifongo, najaza upepo upya, namtikisa kichwa kuona kama helmeti inacheza. Haichezi.

Saa 6 mchana

Tunakula ukumbi mmoja na wachezaji. Tangu 2014 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, inaruhusu vyuo vya Daraja la Kwanza kuwalisha wachezaji wote bila kikomo, wenye ufadhili na wasio nao. Kabla ya hapo wokoni hakuwa na haki hiyo, ingawa alikuwa amegongwa sawasawa na mwenzake.

Mwenzangu wa chumba cha vifaa amekulia shambani Nebraska, na kwake thamani ya wokoni haina mjadala. Kule Tom Osborne, aliyefundisha timu ya Chuo Kikuu cha Nebraska kuanzia 1973 hadi 1997, aliwapokea vijana wa vijijini kwa wingi, akawanyanyua na kuwafundisha kwa subira, na ubingwa wa 1994, 1995 na 1997 una jasho lao. Mimi humtajia Hunter Renfrow wa Chuo Kikuu cha Clemson, aliyeanza kama wokoni, na Januari 2017 akadaka pasi ya ushindi dhidi ya Alabama ikiwa imebaki sekunde 1. Yeye hunijibu kwa Brandon Burlsworth wa Arkansas, wokoni aliyepanda hadi akachaguliwa na timu ya kulipwa ya Indianapolis Colts mwaka 1999, akafa kwa ajali ya gari siku chache baadaye. Tuzo ya wokoni bora wa mwaka, inayotolewa tangu 2010, ina jina lake.

Hata hivyo, naona majina hayo makubwa yanatupotosha kidogo. Yanatufanya tuone kuwa thamani ya wokoni ni pale anapoacha kuwa wokoni.

Saa 9 na nusu alasiri

Njoo uone mazoezi ya leo. Kocha msaidizi anainua kadi yenye mchoro, kijana wangu na wenzake wanaitazama kwa sekunde chache, wanapanga mstari, wanacheza. Safu yetu ya kwanza ya ulinzi inamkosa mara mbili. Anakata kushoto kama yule wa kwenye video, na kocha mkuu anapaza sauti: rudieni! Mara ya tatu wanamnasa, wanamwangusha kwa bega lilelile. Anainuka, anarudi kwenye kadi. Mara ya nne beki wetu wa kati anamsoma kabla hajapokea mpira.

Hapo ndipo beki amejifunza. Angekuwa anaigiziwa na mtu anayejionea huruma, Jumamosi angeumbuka mbele ya maelfu ya watu. Nasimama pembeni na mfuko wa bisibisi na vishikizo vya helmeti, na kila wiki nashuhudia jambo hilihili ambalo kwenye takwimu za mechi halimo.

Saa 1 usiku

Nguo zimerudi mashineni. Upande wa mwisho kuna makabati yasiyo na mtu. Kwa miaka mingi kikomo kilikuwa wenye ufadhili 85, na wokoni waliongezwa juu yake. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken aliidhinisha makubaliano ya kumaliza kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA, yaliyoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Kwa vyuo vilivyoingia humo, kikomo cha ufadhili kimeondoka na kikosi kizima kimewekewa watu 105. Nafurahi wachezaji wanalipwa, walistahili zamani. Ila timu nyingi zilikuwa na watu zaidi ya hao, na waliopunguzwa walikuwa zaidi wa aina ya namba 5 wangu. Ondoa majeruhi kwenye 105, kisha hesabu nani amebaki wa kuigiza. Wa akiba wanafanya kazi mbili, na miili yao inachoka kabla ya Novemba.

Saa 3 usiku

Baba wa namba 5 amenipigia.

"Ndugu yangu, huyu mtoto anapata nini huko?"

Nimemjibu ilivyo. Anapata chakula, matibabu, walimu wa ziada. Ada hapati, na ufadhili anaweza kupewa siku yoyote au asipewe kabisa. Kisha nikamweleza ya leo, mara ya kwanza hadi ya nne. Akanyamaza kidogo.

"Jumamosi atacheza?"

"Atavaa jezi. Kucheza siwezi kukuahidi."

"Basi tunakuja. Mama yake anauliza kama ataruhusiwa kuingia na chakula."

Hawaruhusu. Nimeongea na mke wangu: Jumamosi asubuhi watakula ugali na sombe kwetu, kisha yeye atawapeleka uwanjani, maana mimi nitakuwa huko tangu alfajiri.