Ubuntu dukani kwa mjomba

Mwaka 2008, nikiwa nimemaliza kidato cha sita na nasubiri chuo kifunguliwe, nilikuwa nashinda dukani kwa mjomba wangu, Morogoro. Ilikuwa steshenari kama nyingine zote: kuchapa barua na CV, kutoa kopi, kulaminisha vyeti, kuuza madaftari na bahasha. Kompyuta ilikuwa moja tu, Dell ya mtumba yenye Pentium 4, RAM ya MB 512 na diski ya GB 40, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa kodi ya fremu. Kompyuta ikilala, duka limelala.

Na ilikuwa inalala mara kwa mara, kwa sababu ya flashi. Mteja aliyeleta kazi yake kwenye flashi alileta na virusi vyake humo humo. Windows XP ya wakati ule ilikubali kwa urahisi kuendesha kilichoandikwa kwenye faili la autorun.inf pale unapofungua flashi, na virusi vingi vilipitia mlango huo. Kilichosumbua zaidi mtaani kwetu kilikuwa kile cha folda. Kinaficha folda zako zote za kweli, halafu mahali pa kila moja kinaweka nakala yake chenyewe, yenye jina lile lile na picha ile ile ya folda ya njano. Kwa kuwa XP ilikuwa inaficha mwisho wa majina ya faili, kitu kinachoitwa Ripoti.exe ulikiona Ripoti tu. Mteja anabofya ripoti yake, kumbe anakiamsha kirusi. Ukienda kwenye mipangilio ili vitu vilivyofichwa vionekane, unakuta nako kumeshafungwa.

Dawa tuliyoijua ilikuwa moja: kumwita fundi apige Windows upya. Fundi alikuja siku aliyopata nafasi, akafuta kila kitu, akalipwa, akaondoka. Sisi tulibaki kutafuta CD ya printa na kuchapa upya fomu za mikataba ambazo wateja walizizoea. Hela iliuma, lakini mimi kilichoniuma zaidi ni kutoelezwa. Nikiuliza kimetokea nini, najibiwa "virusi", basi. Mashine niliyokaa nayo kutwa nzima nilikuwa siijui ndani kabisa, na hakuna aliyeona kwamba nilistahili kuijua.

Aliyenitajia Ubuntu alikuwa mwanafunzi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale pale Morogoro, aliyekuja kuprinti ripoti yake ya fildi. Aliniambia ni mfumo endeshi wa bure, unaotumia Linux kama kiini chake, na kwamba virusi vya Windows haviwezi kufanya kazi humo. Siku hizo kupakua MB karibu 700 kwenye intaneti kafe kulikuwa ndoto, maana mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulifika Dar es Salaam mwaka uliofuata. Lakini Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, ilikuwa inatuma CD bure popote duniani, mpaka kwenye sanduku lako la posta, na gharama ya kutuma walilipa wao. Nikajaza fomu kwenye kafe, nikaandika sanduku la mjomba, nikasubiri.

Katika kusubiri huko nilikuwa naprinti kurasa za maelezo kwenye kafe na kuzisoma dukani wateja wakipungua. Nikasoma kuhusu Richard Stallman, aliyetangaza mwaka 1983 GNU, mradi wa kutengeneza mfumo endeshi huru, akitaka watu wawe na haki ya kuendesha programu, kuichunguza, kuibadilisha na kumpa mwingine. Nikasoma kuhusu Linus Torvalds, ambaye mwaka 1991 alikuwa mwanafunzi tu wa chuo kikuu kule Helsinki alipoanza kuandika Linux. Kilichonisisimua kuliko yote kilikuwa cha nyumbani: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na Waswidi, kilikuwa kimeshatoa mwaka 2004 OpenOffice, programu huru ya kuandalia nyaraka, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Kwa hiyo kulikuwa na watu, saa chache tu kwa basi kutoka stendi yetu ya Msamvu, waliofungua programu ya namna hiyo na kuigeuza iseme lugha yetu bila kumwomba mtu ruhusa. Sikulijua hilo, na tulikuwa tunaishi kwa kuchapa nyaraka!

CD ilipofika, toleo la 8.04, mjomba aliishika na kuigeuzageuza.

"Hii umelipa shilingi ngapi, mama?"

"Bure, Mjomba."

"Cha bure ndicho kinachoua mashine."

Nikamweleza kwamba anayeigharimia ni Mark Shuttleworth, yule wa Afrika Kusini aliyekwenda anga za juu mwaka 2002. Hapo alinitazama vizuri kidogo. Alikuwa anamkumbuka kutoka kwenye redio. Lakini mashine ya kazi hakunipa.

Aliyetufungulia njia ni Mwalimu. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mtu mzima, mteja wetu wa miaka mingi. Jumamosi alituachia flashi yenye mtihani wa muhula, tumwandalie nakala Jumatatu asubuhi kabla ya kengele. Jioni nilipoifungua nikakuta folda zote ni zile za uongo. Mjomba akampigia fundi, na simu haikupokelewa. Usiku ule nikahamishia kazi zote muhimu za duka kwenye CD, nikafuta mizigo isiyotakiwa, nikaiacha kompyuta ipange upya mafaili yaliyotawanyika kwenye diski yake mpaka alfajiri. Nilikuwa nimeshaamua kumwomba tena.

Jumapili jioni, mlango ukiwa nusu, nikamwambia, "Mjomba, niruhusu niiwashe kutoka kwenye CD tu. Haigusi chochote kilichomo kwenye diski." Akavuta kiti. Nikabonyeza F12, nikachagua CD, na kwenye orodha nikachukua mstari wa kujaribu bila kubadilisha chochote. Ilichukua muda mrefu, CD ikizunguka na kunguruma, halafu ukatokea uso wenye rangi za udongo na picha kubwa ya ndege wa majini mwenye shingo ndefu. Nikachomeka flashi ya Mwalimu.

Dirisha lililofunguka sijalisahau. Kila kitu kilikuwa peupe. Autorun.inf ilikuwa pale juu. Chini yake MITIHANI.exe, yenye picha ya faili la kawaida lisilo na maana, na pembeni yake MITIHANI yenyewe, folda ya kweli, ambayo jana yake Windows iliapa kwamba haipo. Linux haikuwa inajali ile alama ya kuficha ambayo kirusi kilikuwa kimeipachika kwenye folda, basi. Hapakuwa na uchawi wowote. Nilibofya kulia, nikasoma ukubwa: mafaili yote ya .exe yalikuwa na ukubwa mmoja sawasawa, kwa sababu yalikuwa kitu kimoja kilichojibandika majina tofauti. Nilijisikia kama mtu aliyewashiwa taa kwenye chumba alichokuwa akikifagia gizani.

"Hizo zenye exe ndiyo nini?" mjomba akauliza.

"Ndiyo virusi vyenyewe, Mjomba."

"Na vimetulia hivyo?"

"Vimeandikwa kwa ajili ya Windows. Huku haviamki."

Nikainakili folda ya kweli pembeni, nikafuta kila kitu kwenye flashi, nikairudisha folda. Ilirudi haina tena alama ya kufichwa, kwa hiyo hata kwenye Windows ingeonekana. Mtihani ukafunguka ndani ya OpenOffice, maswali yote yapo. Printa yetu, HP LaserJet 1200, ilitambuliwa bila kudai CD yake. Karatasi ya kwanza ilipotoka mjomba aliisoma kutoka juu hadi chini, mpaka mstari wa "Jumla ya alama", akaiweka juu ya meza.

"Iweke," akasema. "Lakini Windows yangu ibaki."

Kuiweka pembeni ya Windows maana yake ni kuigawa diski ikiwa na vitu ndani, na hiyo ndiyo sehemu niliyoisoma nikarudia. Hatua za kwanza zilikwenda haraka: lugha, ramani ya dunia ambayo nilibofya kidoa cha Dar es Salaam, kibodi. Hatua ya nne ikaleta mchoro wa diski na mpaka wa kuvuta kwa mausi. Nikaiachia Windows GB 25 na Ubuntu nikaipa zilizobaki. Onyo likatokea kwamba mabadiliko yataandikwa kwenye diski na hayatarudishwa nyuma. Windows inapopunguzwa eneo, vitu vyake vilivyokaa mbali inabidi vihamishwe kwanza, na umeme ukikatika wakati huo unaweza kupoteza vyote. UPS yetu, ile betri ya kushikilia umeme ukikatika, ilikuwa imechoka, inashika dakika chache tu. Mjomba akachomoa mashine ya kopi, akachomoa na feni, akaniambia, "Bismillahi, bonyeza."

Mstari wa maendeleo ulikwenda, ukasimama, ukakaa. Hatukuzungumza. Nje mtu alipita na baiskeli yenye kengele. Ulipoanza kwenda tena mjomba alitoka kununua soda mbili, na aliporudi tayari mafaili yalikuwa yananakiliwa.

Kompyuta ilipojiwasha upya ikaja orodha nyeusi ya GRUB, ya kuchagua mfumo wa kuwasha: Ubuntu juu, na chini kabisa Microsoft Windows XP Professional. Ubuntu ikafunguka vizuri. Mjomba akataka kuona Windows yake. Nikawasha upya, nikashuka kwenye orodha, na skrini ikawa ya bluu, na maandishi meupe na asilimia zikipanda. Akasimama. Hiyo nilikuwa nimejiandaa nayo: diski ikishapunguzwa, Windows hujikagua mara ya kwanza inapowashwa, halafu inajizima na kuwaka tena yenyewe. Nikamwonyesha sentensi ile ile kwenye kurasa zangu nilizoziprinti. Aliisoma kwa kidole huku asilimia zikiendelea. XP ikafunguka na kila kitu chake, mpaka picha ya harusi ya binamu yangu kwenye uso wa mbele.

Siwezi kusema Ubuntu ilitosha kwa kila kazi. Nyaraka zenye majedwali mengi zilihama mistari ndani ya OpenOffice, na wateja wanaolipia mpangilio hawavumilii hilo, kwa hiyo hizo tuliendelea kuzifanya Windows. Kucheza nyimbo za MP3 kulihitaji nyongeza za kupakua, nazo zilinichukua muda kuzipata. Lakini utaratibu wa duka ulibadilika tangu siku hiyo: flashi ya mteja inaingia Ubuntu kwanza, inasafishwa, ndipo mengine yafuate. Na nilianza kufungua lile dirisha la amri bila woga, naandika nenosiri ambalo halionyeshi hata nukta moja, nasoma majibu mstari kwa mstari mpaka nayaelewa.

Jumatatu Mwalimu alifika mapema, nakala zake zikiwa zimeshafungwa kwa mafungu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna kitu kwenye hii flashi? Shuleni ilikataa kabisa kufunguka."

Nikamwonyesha kilichokuwemo na jinsi kilivyotolewa. Alisimama nyuma yangu akiuliza maswali ya mwalimu, moja baada ya jingine, mpaka mjomba akamkumbusha kengele. Akauliza kama CD ile inaweza kunakiliwa. Nikamwambia leseni yake inaruhusu waziwazi, anaweza kumpa yeyote. Shuleni kwao kulikuwa na kompyuta za msaada zilizofungiwa stoo kwa sababu ya virusi hivi hivi. Mjomba akachukua CD tupu kwenye rafu, akanikabidhi, akasema atamtoza Mwalimu bei ya hiyo CD tu, na kwamba Jumamosi duka atalishika mwenyewe ili mimi niende naye huko stoo.