Popo amelala hadi adhana

Leo ni wiki ya 6 tangu nimchukue mbwa wangu, Popo, na usiku wa kuamkia leo, kwa mara ya kwanza, amelala hadi adhana ya alfajiri bila kuzunguka nyumba nzima.

Siku za mwanzo alikuwa moto wa kuotea mbali. Alitafuna malapa, akararua mkeka wa mama, na nikishika kufuli tu anaanza kulia kama mtoto. Aliyenipa aliniambia ni mpole. Wiki 3 nzima upole huo sikuuona, na nasema kweli, nilikaribia kumrudisha.

Kilichotusaidia ni pwani. Alfajiri tunateremka Bamburi, maji yakiwa yamepwa, anakimbizana na kaa mpaka ulimi unaning'inia. Mchana simtoi kabisa. Mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na joto hili letu lenye unyevu humlemea upesi, tena mchanga unaunguza nyayo. Chanjo ya kichaa cha mbwa amepata. Njiani simfungulii kamba, maana majirani zangu wengi ni Waislamu, na mate ya mbwa yakimgusa mtu anayekwenda kuswali ni lazima atoharishe palipoguswa kwanza. Lazima niwastahi.

Jana jioni nilirudi kazini nimechoka, nikakaa kibarazani. Akaja taratibu, akaweka kidevu juu ya mguu wangu, akashusha pumzi ndefu, akafumba macho. Mguu ukafa ganzi. Sikuuondoa.