Siku za kusubiri majibu: jinsi nilivyozipanga

Watu wanaojua kwamba mimi na mume wangu tumepitia upandikizaji mimba zaidi ya mara moja huniuliza kwanza kuhusu sindano. Sindano hazikunishinda. Ni nyembamba, huchomwa chini ya kitovu, na baada ya siku chache mtu huzizoea. Kilichonisumbua ni kuzitunza, kwa sababu baadhi yake hutakiwa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wa kwetu Kirumba, Mwanza, haukuwa na adabu, hivyo tulikuwa tukinunua barafu kwa wauza samaki na kuijaza kwenye ndoo yenye mfuniko, sindano zikiwa ndani ya kopo lililofungwa ili zisiguse barafu yenyewe. Kilichokuwa karibu kunishinda ni zile siku baada ya kiinitete, yaani yai lililorutubishwa maabara, kurudishwa tumboni, ambazo kwa kawaida huwa 10 hadi 14, kabla ya kupima damu. Katika siku hizo hakuna tena cha kufanya, na mimi ni mtu niliyelelewa kufanya kazi.

Tatizo letu ni la kawaida. Picha ya mirija, ile inayopigwa kwa eksirei baada ya kuingiziwa dawa kupitia mlango wa kizazi, ilionyesha kwamba mirija yangu yote miwili imeziba, na mbegu za mume wangu zilipopimwa zilikuwa sawa. (Alikubali kupimwa bila kubembelezwa, jambo ambalo nalitaja kwa sababu nazijua nyumba ambazo mwanamke amezunguka hospitalini na kwa waganga kwa miaka, na bwana hajawahi kutoa hata sampuli moja.) Njia hii ilianza na wanawake wa aina yangu: mama yake Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kuzaliwa kwa upandikizaji, huko Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, naye alikuwa na mirija iliyoziba. Kliniki tuliyoichagua iko Dar es Salaam. Mayai hutolewa huko na kiinitete huwekwa huko, kisha narudi Mwanza na kusubiri nyumbani kwangu, na damu hupimwa hapa hapa.

Jambo la kwanza nililolazimika kulikubali ni kwamba mwili wangu si shahidi wa kuaminika katika siku hizo. Projesteroni, homoni ambayo nilikuwa nikiiweka ukeni asubuhi na jioni ili kuuandaa mji wa mimba, huvimbisha matiti, hujaza tumbo gesi, huleta usingizi wa mchana na wakati mwingine kichefuchefu. Yaani huleta karibu kila kitu ambacho shangazi zetu walitufundisha kuwa ni dalili ya mimba. Matone ya damu nayo hayathibitishi lolote, kwa maana yanaweza kutokea mimba ikiwa imeshika na yanaweza kutokea ikiwa haikushika. Nilipoelewa hivyo niliacha kujibonyeza matiti chooni kila nilipopata nafasi, na sikuanza tena.

Vipimo vya mkojo, ambavyo hupatikana katika kila duka la dawa kwa bei ya soda, sikuviruhusu viingie ndani. Sindano ya mwisho ya kukomaza mayai mara nyingi huwa ni ile ile homoni ya hCG ambayo kipimo huitafuta, na mabaki yake yanaweza kukaa mwilini kwa siku 10 au zaidi, kwa hiyo mstari wa pili unaweza kutokea bila mimba yoyote. Kwa upande mwingine, anayepima mapema mno anaweza kukosa kuiona mimba iliyopo, akakata tamaa na kuacha dawa, jambo ambalo daktari wetu alilikataza kwa ukali. Nilimwambia mume wangu kwamba akikuta kipimo kwenye mkoba wangu akitupe bila kuniuliza.

Kazi ilinisaidia, ingawa si nyakati zote. Naandika hesabu za mfanyabiashara wa dagaa pale soko la Mwaloni, na biashara ya dagaa hufuata mwezi: wavuvi huvua usiku wa giza, wakiwavuta dagaa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hupumzika, kwa kuwa taa haiwezi kushindana na mwezi mpevu. Siku za giza magunia hufika kutoka visiwani, kuna kupima, kuwalipa makuli, na kubishana juu ya mchanga uliochanganyika na mzigo, na hadi saa kumi jioni nakuwa sijalikumbuka tumbo langu. Kusubiri kulikoangukia siku za mbalamwezi kulikuwa kubaya sana. Mtu hawezi kupanga kutolewa mayai kwa kufuata wavuvi, lakini viinitete vilivyogandishwa hutoa nafasi ya kusogeza tarehe, na safari moja tuliisogeza. Daktari alicheka nilipomweleza sababu. Kuhusu kulala kitandani, aliniambia hakuongezi chochote, nami nilifurahi kulisikia hilo kutoka kwake kwa sababu nyumbani nilikuwa nimeanza kukatazwa hata kufagia.

Ndugu ni sura nyingine. Mama mkwe wangu anaishi Ukerewe, ananipenda, na alikuwa akipiga simu kila jioni kuuliza afya yangu kwa namna ambayo wote tulijua anauliza nini. Mkwe haambiwi aache kuuliza. Nilimwendea wifi yangu mkubwa, nikamweleza kila kitu, hata gharama, nikamwomba yeye ndiye awe mlango: habari zitoke kwetu kwenda kwake, na yeye aamue mama aambiwe nini na lini. Simu za jioni ziliendelea, ila sasa tulizungumzia mihogo na bei ya sato. Dawa ya mizizi aliyonitumia niliipokea kwa heshima na sikuinywa, kwa kuwa tulikuwa tumeonywa tusichanganye dawa.

Kwa wale wanaosema "acha mawazo, mwanamke akiwa na mawazo mimba haishiki", nilitafuta jibu nikalipata. Uchambuzi wa tafiti 14 uliochapishwa mwaka 2011 katika BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, haukuona kwamba wasiwasi na huzuni ya mwanamke kabla ya matibabu hupunguza uwezekano wake wa kushika mimba katika mzunguko huo. Sikulitumia jibu hilo kubishana na mtu. Lilinitosha mimi mwenyewe, maana ni mateso kuogopa halafu ukaanza kuogopa kwamba umeogopa.

Siku ya majibu ndiyo tuliyoipanga kuliko zote. Mara ya kwanza maabara niliyopimia ilinipigia simu mchana, nikiwa nimesimama kati ya mizani na kuli anayedai ujira wake, na kijana asiyenijua akasema, "Dada, majibu yako ni hasi, utapitia karatasi saa ngapi?" Nilimjibu saa, nikamlipa yule kuli, nikamrudishia chenji mteja, na ilinibidi ningoje mpaka saa kumi na moja ndipo nilie. Tangu hapo namba ya simu inayoandikwa kwenye fomu ni ya mume wangu. Natoa damu asubuhi, ikiwezekana siku ya Ijumaa kwa sababu Jumamosi siendi sokoni, kisha naenda kazini. Yeye hupitia karatasi na kuileta nyumbani bila kunitumia ujumbe wowote, hata wa salamu, maana nilikuwa nikiyatafuta majibu ndani ya "Umekula?" yake. Bahasha haifunguliwi mpaka tumekaa wote wawili na tumeshakula. Kula ni sharti langu, kwani baada ya majibu mabaya hakuna anayepika.

Kuna jibu ambalo hata utaratibu huo haukuwa umeliandalia nafasi. Kwa kawaida hCG iliyo chini ya 5 huhesabiwa kuwa hakuna mimba, na kuanzia 25 kwenda juu huhesabiwa kuwa ipo. Karatasi yetu moja ilikuja na namba ya katikati. Maagizo yalikuwa turudie kipimo baada ya saa 48, kwa sababu katika mimba changa inayokwenda vizuri homoni hiyo hupanda upesi, takriban maradufu kila baada ya siku mbili au tatu. Mume wangu alitaka tutumaini. Mimi nilitaka tujiandae kwa habari mbaya, na tulikaribia kugombana juu ya nani mwenye imani zaidi. Mwishowe tuligawana: yeye atumaini kimyakimya, mimi niogope kimyakimya, na pasiwepo wa kumhubiria mwenzake. Namba ilishuka. Daktari alieleza kwamba mimba ilikuwa imeanza kushika ikaachia mapema sana, nami nikaililia kama mimba, siku mbili nzima, wifi akileta chakula na kuondoka bila kukaa.

Bado tuna viinitete vilivyogandishwa, na ada ya kuvihifadhi hulipwa kila mwaka. Tumekubaliana kuvirudisha vyote, kimoja kimoja, kuanzia baada ya Pasaka, na vikiisha hatutaanza tena mzunguko mwingine wa sindano. Mume wangu alipenda suala hilo libaki bila kuamuliwa mpaka litakapofika. Mimi nilitaka liandikwe wakati vichwa vyetu vimetulia, na limeandikwa katika daftari letu la matumizi ya nyumbani, chini ya ada hiyo, pamoja na kauli yake kwamba atakuwa na haki ya kuniuliza tena mara moja tu.