Nilivyofua kapeti Uyole na likakauka

Kapeti letu la sebuleni ni la futi tano kwa nane, la manyoya mafupi, rangi ya chai ya maziwa. Alitununulia mama mkwe tulipohamia Uyole, hapa Mbeya. Mwezi wa tatu mwanangu mdogo alimwaga bakuli zima la uji wa maziwa katikati yake. Nikaona kufuta hakutoshi. Nikalitoa uani, nikalimwagia ndoo mbili za maji na sabuni ya unga, nikasugua kwa brashi ya kufulia kama ninavyosugua jinzi. Likatakata, nikafurahi sana.

Halafu mvua ikaja. Huku kwetu zinaanza Novemba na haziachii mpaka Aprili, miaka mingine mpaka Mei, na mji uko juu, kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo kuna baridi, na hata jua likichungulia kati ya mvua kitu kizito hakikauki. Tulilivuta ndani watu wawili, linachuruzika, tukaliegemeza ukutani. Siku ya tatu sebule nzima ilikuwa na uvundo wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Siku ya tano nikaligeuza: mgongoni, palipofumwa kwa nyuzi za gunia, pameota koga, na upande wa manyoya umejaa michirizi ya kahawia ambayo haikuwepo kabla. Ile kahawia ni ya zile nyuzi za gunia. Zikikaa na maji muda mrefu zinaachia rangi, na maji yanapopanda juu ili yakauke yanapanda nayo. Sabuni pia haikutoka yote. Lilipokauka lilikuwa linanata, na ndani ya wiki mbili likashika vumbi kuliko mwanzo. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimefanya kazi ile kwa moyo wote.

Nikaamua kusubiri kiangazi. Juni na Julai usiku wa Mbeya unashuka chini ya nyuzi 10, watu tunalala na mablanketi mawili, lakini mvua hakuna na hewa ni kavu. Agosti upepo unaongezeka. Kwa kapeti, hewa kavu inayotembea inafaa kuliko joto lililosimama, na nilichagua Agosti kwa ajili hiyo.

Siku moja kabla sikugusa maji kabisa. Nililitundika ukutani uani nikalipiga kwa mpini wa fagio mpaka vumbi likaisha kuruka, kisha nikalilaza kifudifudi juu ya turubai nikalipiga tena mgongoni. Mchanga uliobaki kwenye turubai ulijaza kikombe! Mchanga ule ukikutana na maji unakuwa tope, ndiyo maana mara ya kwanza maji yangu yalikuwa meusi muda wote. Nikajaribu pia sabuni kwenye kona isiyoonekana, nikakandamiza kitambaa cheupe. Rangi haikutoka.

Asubuhi, jua lilipopanda, niliweka vijiko viwili vya shampuu ya kapeti kwenye maji ya uvuguvugu, nikayapiga kwa mkono mpaka povu likajaa beseni. Nilitumia povu tu. Maji ya chini niliyaacha humohumo. Nachota povu kwa sponji, napaka sehemu ndogo kama ukubwa wa sinia, nasugua taratibu kwa brashi laini, nafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, nasogea. Kila baada ya muda nabadilisha maji ya kufutia. Mwisho nikapitisha kitambaa chenye maji na siki nyeupe kidogo, kwa ajili ya sabuni iliyobaki na ile michirizi ya kahawia, ambayo ilififia sana. Harufu ya siki iliisha yenyewe kapeti lilipokauka. Dada mmoja wa jirani alinishauri niweke jiki kwenye koga. Nilikataa: jiki inakula rangi, na ikikutana na siki inatoa hewa ya sumu.

Kisha kukamua, na hapa ndipo nilipotumia nguvu zangu zote. Tulitandaza mataulo makavu juu ya kapeti, tukaliviringa pamoja nayo kama mkeka, mimi na mwanangu mkubwa tukapanda juu peku na kulikanyaga kutoka mwanzo hadi mwisho. Tukafungua, tukabadilisha mataulo, tukarudia. Mara tatu. Taulo la kwanza lilitoa maji kama lililochovywa ndooni, la tatu lilikuwa na unyevu tu. Kama huna mataulo mengi, mashuka ya zamani yanafaa.

Kamba ya nguo isingelibeba, na ingeliachia mkunjo katikati. Niliweka mabenchi mawili barazani, mbali na vumbi la barabara, nikalilaza juu yake ili upepo upite juu na chini. Saa kumi jioni nikaliingiza ndani kabla ya umande, hata kama lilionekana karibu kukauka. Likikaa nje usiku linakunywa tena unyevu wote.

Usiku kulikuwa na shida moja: feni. Nyumba nyingi Mbeya hazina feni, ya nini kwa baridi hii? Jirani yangu, mama wa Kyela, alikuja na yake kutoka kwao, kule chini ziwani ambako joto ni kali, na imekaa kabatini tangu ahamie. Nikaenda kumwomba. “Chukua mwanangu, huku inanifaa nini?” Nililiinua kapeti juu ya viti vinne, feni nikaielekeza chini yake, dirisha nikaliacha wazi kidogo ili hewa yenye unyevu itoke. Wapo wanaoweka jiko la mkaa karibu ili likauke haraka. Tafadhali usifanye hivyo kwenye chumba ambacho watu wanalala. Moshi usioonekana wa mkaa hauna harufu, na unaua.

Kujua kama limekauka pia kunataka akili, kwa sababu kwenye baridi mkono unadanganya: kitu kikavu lakini baridi kinahisi kama kibichi. Mimi nilikunja karatasi ya chooni mara nne, nikaiweka juu ya kapeti, nikaisimamia kwa kisigino huku nikihesabu mpaka thelathini. Asubuhi ya pili ilitoka na unyevu katikati. Tukalirudisha barazani kutwa nzima, na usiku feni tena. Asubuhi ya tatu karatasi ilitoka kavu juu na mgongoni, na pua haikusikia kitu.

Feni niliirudisha siku hiyohiyo pamoja na maparachichi sita. “Ndaga fijo,” akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akaja nami mpaka sebuleni kuliona kapeti, akavua kandambili mlangoni.