Chumvi Ukutani

Daftari la michango nililishika mimi, kwa hiyo kosa hili siwezi kumsukumia mwingine.

Ukuta wenyewe ulikuwa ubavu wa jengo la ghorofa tatu, katikati ya jiji, umejaa makovu ya matangazo yaliyobanduliwa. Tulitaka mchoro mkubwa, na tulitaka uwe wa watu, si wa mfadhili mmoja. Nikabuni mbinu niliyoionea fahari sana: kila mchangiaji achague rangi, na jina lake liandikwe mbele ya rangi hiyo. Daftari likajaa upesi. Bluu ilipata watu kuliko zote. Kijivu hakuna aliyeitaka, ikabidi niichukue mimi.

Mchoraji alipokuja hakuuliza habari za rangi. Aliupapasa ukuta kwa kiganja, akaukwaruza kwa ufunguo, kisha akabandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote nne, akatuambia turudi kesho. Kesho yake ule upande wa nailoni uliolalia ukuta ulikuwa na matone.

"Ukuta huu unakunywa maji," alisema. Gata la juu, lile la kukinga maji ya mvua ya paa, lilikuwa limetoboka. Alitaka lizibwe kwanza, plasta iliyooza ing'olewe ipigwe mpya, na hiyo mpya ikae wiki nne hivi, kwa sababu saruji mbichi ina ukali unaoharibu rangi. Nusu ya fedha ingeishia hapo, kabla ya tone moja la bluu.

Nilimwona kama fundi anayetafuta kazi ya ziada. Nikamwambia watu wamechangia rangi, na kila siku wananiuliza inaanza lini. Tulibishana karibu saa nzima. Mwishowe akakubali kutia viraka, kukwangua palipolegea na kusubiri siku kumi tu. Gata tukaliacha.

Kazi ilikuwa tamu, sitasema uongo. Siku ya kwanza aliwapa watoto brashi wachorechore ovyo: herufi, nyota, jina la mtu limegeuzwa. Wazazi walidhani ni mchezo. Akaupiga picha ukuta mzima, akauweka mchoro wake juu ya picha hiyo kwenye simu, na zile alama za ovyo ndizo zilizomwonyesha jicho likae wapi na bega liishie wapi. Hakuvuta kamba wala kupima miraba.

Juu ya jukwaa alinisimulia habari za Wall of Respect, ukuta uliochorwa na wasanii weusi kule Chicago mwaka 1967. Jengo liliungua mwaka 1971, baadaye likabomolewa, na mchoro ukaenda nalo. Nilidhani ananipigia soga. Kumbe alikuwa bado kwenye ule ubishi wetu.

Mvua za kwanza zilipokatika, nilipita pale asubuhi nikaona weupe miguuni pa mwanamke tuliyemchora, unga mwembamba kama wa chaki. Nikaufuta kwa kidole. Baada ya siku mbili ukarudi. Nikauonja, sijui kwa nini: chumvi, tena yenye uchungu. Maji yalikuwa yakipenya kwenye matofali, yanayeyusha chumvi iliyomo, na yakifika nje yanakauka na kuiacha nyuma ya rangi, ikiisukuma. Msimu ulipoisha, bega lote la bluu lilikuwa na malengelenge. Ukibonyeza moja, linavunjika kama ganda la yai na unga unamwagika mkononi.

Nikazunguka tena na daftari. "Safari hii mchango wa nini?" Nilipojibu kukwangua, na gata, nyuso zilibadilika. Nawaelewa. Rangi mtu humwonyesha mwanawe wakipita. Nani atanyoosha kidole juu ya paa aseme gata lile ni langu?

Mzee aliyekuwa wa kwanza kuchagua bluu aliniuliza, "Mchoraji alikwambia haya mapema?"

"Aliniambia, mzee."

Alinitazama kidogo, asiseme neno. Akalivuta daftari, akaandika jina lake kwa mkono wake, na kwenye safu ya rangi akaandika: gata.