11 Agosti kwa saa za Kampala

Kadi ya mwaliko wa sherehe ambayo wengi huihesabu kuwa kuzaliwa kwa hip hop iliandikwa kwa mkono: saa 3 usiku hadi saa 10 alfajiri, Jumamosi tarehe 11 Agosti 1973, chumba cha burudani, jengo namba 1520 la barabara ya Sedgwick, Bronx, New York. Wasichana senti 25, wavulana senti 50. Cindy Campbell alikuwa anatafuta fedha za nguo za kurudia shule, na kaka yake Clive, aliyejulikana mtaani kama DJ Kool Herc, ndiye aliyeshika santuri.

Mwezi wa Agosti New York iko nyuma yetu kwa saa 7. Kwa hiyo wakati mlango wa Sedgwick unafunguliwa, Kampala ilikuwa saa 10 alfajiri ya Jumapili tarehe 12, saa moja na zaidi kabla ya adhana ya Kibuli. Ukumbi unaotaka kuadhimisha siku hii sawasawa uanze usiku wa tarehe 11 na kilele kifike saa 10 alfajiri. Ukifunga saa 6 usiku, umeondoka kabla Herc hajaanza.

Maadhimisho mengi huku huwa ni orodha ya nyimbo zilizovuma, na mtangazaji anasoma tarehe kwenye simu katikati. Naona hayo hayatoshi. Kila tarehe kubwa ya hip hop ina kazi ya mikono nyuma yake, na kazi hiyo inaweza kufanywa mbele ya watu. Wakiiona, hawatahitaji kuelezwa kwa nini tarehe ile inakumbukwa.

Tuanze na Herc. Aliona kwamba wachezaji walikuwa wanangoja sehemu moja tu ya wimbo: pale waimbaji na magitaa wananyamaza, ngoma inabaki peke yake. Sehemu hiyo ndiyo breki, na wachezaji wake wakaitwa b-boys na b-girls. Tatizo ni kwamba breki ni fupi. Ile ya The Winstons ya 1969, inayojulikana kama Amen, ina mafungu manne ya mapigo manne tu, kama sekunde 7. Herc akachukua nakala mbili za santuri ileile: ya kwanza ikifika mwisho wa breki, ya pili inaingia mwanzoni mwake, huku ya kwanza ikirudishwa nyuma. Mbinu hii aliikomaza katika sherehe zilizofuata, kwa hiyo usiseme kwenye kipaza sauti kwamba yote yalikamilika usiku ule mmoja.

Kuifanya unahitaji mashine mbili za santuri, nakala mbili, mikseta inayokuruhusu kusikiliza upande mmoja masikioni kabla hadhira haijausikia, na kitambaa laini cha kuteleza chini ya kila santuri. Bila kitambaa hicho, ukiishika santuri unashika na sahani, mota inahangaika, na ukiachia inachelewa kupata kasi.

Herc alikuwa anainua sindano na kuishusha kwa kukadiria kwa jicho. Grandmaster Flash, DJ mwingine wa Bronx, alitaka uhakika zaidi, akachora alama kwa kalamu ya nta na kuhesabu mizunguko ya santuri. Hesabu yake ni hii. Santuri ya kasi ya 33⅓ hutumia sekunde 1.8 kuzunguka mara moja. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika hutoa pigo kila sekunde 0.6, yaani mzunguko mmoja wa santuri ni mapigo 3 kamili. Breki ya mafungu manne ya mapigo manne ni mapigo 16, kwa hiyo kurudi mwanzoni unarudisha santuri mara 5 na theluthi. Theluthi hiyo ndiyo inayowaangusha wanaoanza: wanarudisha mara 5 kamili, wanaingia pigo moja mbele, na wachezaji wanajikwaa. Chora alama ukiitazama karatasi ya katikati ya santuri kama saa: breki ikianza alama iko kwenye namba 12, juu kabisa, ikiisha iko kwenye namba 4.

Kwa kompyuta na kontrola, pakia wimbo uleule pande zote mbili, weka alama kwenye pigo la kwanza la breki, kisha zima sinki, yaani kitufe kinacholinganisha kasi za nyimbo mbili chenyewe. Wapiga ngoma wa miaka ya 1960 na 1970 hawakufuata mashine. Kasi yao inapanda na kushuka kidogo. Programu huweka gridi, yaani mistari ya kuonyesha mapigo, kwa kukadiria wimbo mzima, na ikifika breki gridi imeshateleza, kwa hiyo sinki itakugonganisha ngoma. Ukitaka kuitumia lazima, panga gridi upya kwa breki peke yake. Kitufe cha kurudiarudia kitafanya kazi hii yote kwa mguso mmoja, lakini usiku wa kumbukumbu kiache.

Sasa umeme, kwa sababu hapa ndipo vifaa vya watu vinapofia. Mashine ya santuri iliyonunuliwa Marekani hutumia volti 120 na hezi 60. Uganda tuna volti 240 na hezi 50. Ukiichomeka moja kwa moja inaungua. Transfoma ya kushusha itaokoa volti, lakini haibadilishi hezi, na mashine za santuri za zamani zinazozungushwa kwa mkanda, zenye mota inayofuata hezi, zitazunguka kwa sehemu 5 kati ya 6 za kasi: 33⅓ inakuwa karibu 27.8, na wimbo wa mapigo 100 unashuka hadi 83. Jenereta isiyotulia huleta kasoro hiyohiyo, ila huko kasi inayumba. Mashine ambazo mota huzungusha sahani yenyewe bila mkanda, zenye kidhibiti cha kwatsi (quartz), kama Technics SL-1200 toleo la MK2 la 1979, hazitegemei hezi. Kwake shughulika na volti tu.

Tarehe ya pili ni 16 Septemba 1979, ulipotoka "Rapper's Delight", wimbo wa Sugarhill Gang uliotayarishwa na Sylvia Robinson, ambao Januari 1980 ulifika nafasi ya 36 kwenye chati kuu ya Billboard. Utasikia ikisemwa kwamba walisampo, yaani walichukua kipande cha rekodi yenyewe ya "Good Times" ya kundi la Chic. Sivyo. Besi ile ilipigwa upya na wanamuziki studioni. Nile Rodgers na Bernard Edwards wa Chic walidai haki yao na majina yao yakaongezwa kama watunzi. Kwenye maadhimisho, mpiga besi mmoja mzuri atafaa hapa kuliko DJ.

Sampuli zilishika kasi baadaye, na 1987 ikaja SP-1200 ya kampuni ya E-mu, mashine ya kurekodi na kupiga sampuli, yenye sekunde 10 na kitu tu za kuhifadhi sauti. Watayarishaji waliupita ubahili huo hivi: santuri ya 33⅓ wakaizungusha kwa 45, wakairekodi, kisha wakaishusha kasi ndani ya mashine. Kasi ya 45 ni mara 1.35 ya 33⅓, kwa hiyo sekunde 10 zikabeba sekunde 13.5 za muziki. Gharama yake ni sauti kupoteza ung'avu na kupata ukwaruzo, na ukwaruzo huo ndio watu leo wanaulipia programu ili waupate.

Kuhusu kuhakiki tarehe: kwa albamu za Marekani za miaka ya 1990 hadi Julai 2015, tazama kalenda. Siku ya kawaida ya kutoa albamu ilikuwa Jumanne. Tangu 10 Julai 2015 ni Ijumaa. Wu-Tang Clan na A Tribe Called Quest walitoa albamu siku moja, 9 Novemba 1993: Jumanne. Nas, 19 Aprili 1994: Jumanne. Lauryn Hill, 25 Agosti 1998: Jumanne. Ukikuta tarehe ya Alhamisi kwa albamu ya kampuni kubwa ya wakati huo, tafuta tena kabla ya kuitangaza. Programu za kusikiliza muziki mara nyingi huonyesha tarehe ya toleo jipya, na hilo limewaponza wengi.

Tarehe 13 Septemba inahitaji uangalifu. Albamu ya kwanza ya Notorious B.I.G. ilitoka siku hiyo mwaka 1994, na Tupac alifariki siku hiyohiyo mwaka 1996. Usianze na furaha ya kwanza ukarukia msiba wa pili ndani ya dakika moja. Na ukitaja cheti cha almasi cha "All Eyez on Me" ya Tupac, kumbuka ni albamu ya diski mbili na kila diski ilihesabiwa: vyeti milioni 10 ni nakala milioni 5.

Huku kwetu, Bataka Squad ya akina Babaluku na Saba Saba ilichana kwa Kiganda tangu miaka ya 1990, na mtindo ukaitwa lugaflow. Klear Kut, kundi la Navio, The Mith, Papito, Abba Lang na JB, walikuwa na njia yao. Kwa Kiswahili, Saleh Jabir wa Dar es Salaam alishatoa kaseti mwaka 1991. Mwaka 2006 Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda, mafunzo ya bure, na kwa hiyo 2026 ni miaka 20. Waalike wacheze juu ya breki uliyoirudisha kwa mikono.

Tatizo la tarehe zetu ni kwamba ziko kwenye mabango na kaseti. Bango la shoo kwa kawaida huandika siku na tarehe bila mwaka, lakini tarehe na siku zikikutana huacha miaka michache tu. Jumamosi ya 14 Juni, kuanzia 1990, ni 1997, 2003, 2008, 2014 au 2025. Kisha tazama wadhamini: penye nembo ya MTN, 1997 inaondoka, kwa sababu kampuni hiyo ilianza kazi Uganda mwaka 1998. Linganisha na wasanii waliotajwa hadi ubaki mwaka mmoja, uandike kwa penseli nyuma ya bango, upige picha pande zote mbili.