Kutoka Moshi hadi Tengeru, kutafuta mahali walipochezea watoto

Jumamosi alfajiri nilipanda Kosta katika stendi ya Moshi nikiwa na swali lililonikaa moyoni tangu niliporudi kutoka Kigoma: familia iliyopewa kijumba kimoja katika kambi ya wakimbizi humpatia mtoto wapi mahali pa kuchezea? Tulipita Boma Ng'ombe, njia panda ya KIA, Kikatiti na Maji ya Chai, Kilimanjaro ikibaki nyuma mawinguni na Meru ikizidi kuinuka mbele yetu, hata nikateremka Tengeru gulio likiwa limeshachangamka.

Abiria niliyeketi naye hakujua kwamba Tengeru iliwahi kuwa kambi ya wakimbizi. Kuanzia mwaka 1942 walihifadhiwa hapa Wapolandi wapatao 5,000, wengi wao wanawake na watoto, ambao utawala wa Kisovieti uliwahamisha kwa nguvu kutoka makwao, kisha wakaachiliwa, wakapitia Uajemi na kuvuka bahari hadi Afrika Mashariki. Waliishi katika nyumba za msonge. Kambi ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, na leo yamebaki makaburi yao, katika eneo la chuo cha mifugo.

Bodaboda alinishusha karibu na makaburi hayo. Nilimwamkia mzee mmoja wa kijiji aliyekuwa akipumzika kivulini, akaitikia marahaba, na nilipomweleza haja yangu akachora duara mavumbini kwa fimbo yake. "Nyumba ilikuwa hivi, mwanangu. Marehemu mama yangu alikuwa akiwauzia ndizi. Alisema ndani palijaa vitanda, kwa hiyo watoto walishinda nje, na mama zao walipanda maua kuizunguka nyumba." Kisha akachora duara la pili, kubwa zaidi, nje ya lile la kwanza.

Duara hilo la pili nililifahamu. Nilifundisha watoto wadogo kwa miaka 2 katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo, na ambayo tangu mwaka 2015 imepokea pia Warundi wengi. Shirika moja lilijenga banda zuri la michezo, lenye bembea na sakafu ya saruji, lakini lilikuwa ng'ambo ya barabara ya magari ya maji, na mara nyingi tulilikuta limefungwa kwa kufuli. Niliumia kuona watoto wakichungulia bembea kupitia wavu.

Wazazi hawakungoja ufunguo. Mama mmoja kutoka Fizi, huko Kongo, alifyatua matofali ya udongo, akayazika nusu ardhini kuzunguka kiwanja kisichozidi hatua 6, ubavuni mwa nyumba, upande ambao upepo haukupeleka moshi wa mafiga. Kipande cha turubai kuukuu alikifunga kutoka kwenye upenu hadi kwenye mti, kikawa kivuli. Kila asubuhi alipafagia, akanyunyiza maji aliyooshea mboga ili vumbi litulie, na kokoto za mdako alizihifadhi katika kopo la maziwa lililoning'inia mlangoni. Nilimuuliza kwa nini hakuchagua mahali papana zaidi. "Mwalimu," akanijibu, "nikikoroga ugali lazima nimwone."

Naamini kipimo cha uwanja wa mtoto kambini kimo katika jibu hilo. Wanaopanga makazi ya wakimbizi huhesabu mabomba na vyoo, na ni haki wafanye hivyo, lakini nafasi ya hatua chache kati ya nyumba na nyumba wangeiacha wazi kwa makusudi, wakawapa wazazi turubai na miti ya kujengea, kabla ya kufikiria banda lolote la mbali.

Mzee alinisindikiza hadi barabarani. Nikiwa nasubiri gari la kurudi Moshi nilimpigia simu yule mama, nikamsimulia habari za maduara mawili. Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba mvua ilibomoa ukingo wake wiki iliyopita. "Tumeupanga upya," akasema, "lakini tumeusogeza hatua 2 kuelekea kwa jirani. Amejifungua, naye mtoto wake atatambaa karibuni."